Mzazi Anayetaka Kuvaa Sare ya Uuguzi: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua nyingi za mwezi huu ni za watu wazima wenye watoto wanaotaka kuacha kazi walizonazo wakasomee uuguzi. Tumechagua saba. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Assalamu alaikum. Nina miaka 34, watoto watatu, mdogo yupo darasa la kwanza. Nauza nguo Chake Chake. Kidato cha nne nilipata Kiswahili B, Biolojia C, Jiografia D, Kiingereza D, Elimu ya Dini ya Kiislamu A na Kemia F. Fizikia sikuifanya. Wenzangu wananambia umri umeshanipita. Kweli?
*Mama wa watatu, Chake Chake*

Waalaikumu salamu, dada. Wenzako wametazama umri, sisi tumetazama cheti. Kinachokuzuia leo ni Kemia na Fizikia.

Stashahada ya Uuguzi na Ukunga husomwa miaka 3, kuanzia ngazi ya NTA 4 hadi NTA 6 (NTA ni ngazi za tuzo za elimu ya ufundi). Sifa ya kuingilia ni alama D au zaidi katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya manne hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia (au Sayansi ya Uhandisi). Ile A yako ya Dini ni ya kujivunia, lakini kwenye hesabu hii haimo. Hisabati na Kiingereza ukiwa umefaulu ni nyongeza inayokusogeza mbele wakigombea watu wengi. Kwa hiyo Biolojia unayo, somo la nne unalo tena la kuchagua, na yaliyobaki ni mawili. Hulazimiki kurudia cheti kizima.

Utafanya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa Januari kupitia vituo, na anayechelewa hulipa zaidi. Mtihani ni Novemba, matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata, maombi ya vyuo ni katikati ya mwaka huo, na masomo huanza kwenye Oktoba au Novemba. Hesabu mwenyewe: toka siku ya kujisajili mpaka siku ya kukaa darasani, karibu miaka miwili. Watu wengi hufunga biashara wiki ile ile waliyopata wazo, kisha miaka miwili wanakaa wanakula mtaji. Wewe duka liache wazi.

Kusoma kwenyewe, tafuta mwalimu wa tuisheni anayefundisha skuli yenye maabara na umwombe akuingize humo. Anayesoma Kemia kwa noti tupu hujua kwamba asidi na besi hubatilishana, lakini akipewa bureti hajui asome alama kwa jicho lililo usawa wa maji au kwa kuangalia kutoka juu. (Usawa wa maji, na sehemu ya chini ya ule mbonyeo.) Mada zinazowaangusha watu wazima ni mole na kusawazisha milinganyo. Kwenye Fizikia ni shinikizo na umeme, kwa sababu zote mbili ni hesabu iliyovaa nguo nyingine. Jioni nne kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni, na kuanzia Juni kila Ijumaa ufanye karatasi moja ya mtihani uliopita kwa kutazama saa. Ukiikosa Ijumaa moja, ifidie Jumamosi.

Kisha kuna bahari, maana wewe uko Pemba. Mafunzo ya afya ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) yapo Mbweni, Unguja. Nauli ya boti ndiyo watu huiogopa kwanza, lakini kinachokausha mfuko ni nyumba mbili na vyungu viwili: kodi au dakhalia Unguja, na matumizi ya watoto Pemba pale pale. Kama watoto watabaki kwa mama yako, mpe bajeti ya mwezi kwa maandishi, pamoja na fedha ya dharura ambayo haiguswi kwa sare wala sherehe. Kama utahama nao, nafasi za skuli zitafute kabla ya muhula kuanza, si baada. Mafunzo ya wodini unaweza kuomba upangiwe Pemba, iwe Abdalla Mzee Mkoani, Chake Chake au Wete, ila usiijenge mipango yako juu ya kukubaliwa ombi hilo.

Mimi ni mume. Mke wangu ameshapata nafasi chuoni, watoto wetu wana miaka 9, 6 na 3. Simkatazi, lakini naambiwa kuna kulala hospitali. Naomba kujua ratiba ilivyo kweli, tusije tukagombana baadaye.
*Baba, Mwera*

Ndugu yetu, umeuliza mapema, na wengi huuliza wakati gari limeshakwama.

Wodi haifungwi, kwa hiyo kazi hugawiwa zamu tatu: asubuhi, jioni na usiku. Mwanafunzi naye huingizwa kwenye zamu, naiti zikiwemo. Muda wa kutoka ulioandikwa kwenye karatasi si muda wa kufika nyumbani. Kabla ya kuondoka, zamu hukabidhiwa kitanda kwa kitanda: mgonjwa gani, amepewa nini, saa ngapi, dripu imebaki kiasi gani, mkojo kiasi gani, nini cha kuangaliwa. Anayepokea akichelewa, anayetoka hawezi kuondoka na kuiacha wodi. Ongeza muda wa saa moja juu ya kila zamu na ndipo upange nani atamchukua mtoto.

Siku za darasani akikosa, atanakili noti za rafiki. Siku za wodini hazina noti za rafiki. Mwanafunzi ana kitabu cha taratibu, na kila jambo (kuosha kidonda, kuweka katheta yaani mpira wa mkojo, kumpokea mtoto anayezaliwa) hupita hatua tatu: kutazama, kusaidia, kisha kufanya mwenyewe chini ya msimamizi, ndipo saini. Bila saini hakuna alama. Wanaorudia muhula kwa sababu ya akili ndogo ni wachache. Wengi hurudia kwa sababu mtoto alipata homa na hapakuwa na mtu.

Kaeni na karatasi. Chora safu tatu za zamu, na chini ya kila moja andikeni: nani anaamsha watoto, nani anapeleka skuli, nani anawapokea wakitoka madrasa jioni, nani analala nao. Wenzetu wenye watoto wanaokwenda madrasa wana saa mbili za ziada mchana, zitumieni. Kila jina liwe na jina la pili pembeni yake. Kosa la kawaida ni kumtegemea mavyaa peke yake. Bi mkubwa ana khitma zake, ana presha yake, na siku anayosafiri kwenda shamba ndiyo siku ya mtihani. Amueni pia leo, mkiwa na moyo mtulivu, kwamba mtoto akipata homa mke wako akiwa zamu, wewe ndiye unayempeleka kituo cha afya.

Akitoka naiti anahitaji usingizi wa saa sita au saba mfululizo, pazia zito, simu imezimwa sauti. Mtoto wa miaka 3 asiwe naye chumba hicho. Na tafadhali asiamshwe kuulizwa chumvi ipo wapi.

Nina miaka 41, Form Four nilifaulu vizuri lakini hesabu sijagusa miaka zaidi ya ishirini, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaweza?
*Msomaji, Fuoni*

Bibie, hesabu za uuguzi si nyingi. Ni kugawanya, kuzidisha na kubadilisha vipimo, lakini hazina nusu alama: ukikosea, mtu anaumia. Hizi hapa tatu, zifanye bila kikokotozi.

Daktari ameandika gentamaisini miligramu 60. Chupa imeandikwa miligramu 80 katika mililita 2. Unachotakiwa gawanya kwa kilichopo, zidisha kwa ujazo: 60 ÷ 80 × 2 = mililita 1.5.

Mtoto ana kilo 12, anatakiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, basi 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5. Ukimpa "kijiko kimoja" cha mililita 5 kama mama wengi wafanyavyo nyumbani, umempa pungufu kwa theluthi.

Dripu ya mililita 1000 iishe kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita. Matone yote ni 20,000, dakika ni 480, kwa hiyo ni matone 42 kwa dakika. Wodini hakuna anayehesabu dakika nzima akiwa na wagonjwa ishirini. Unahesabu sekunde 15 na unatarajia kumi au kumi na moja. Sasa mtego: mipira ya watoto hutoa matone 60 kwa mililita. Mtu akifunga mpira huo bila kuusoma na kuacha matone yale yale 42, mgonjwa anapata mililita 42 kwa saa badala ya 125, na dripu ya saa 8 inakwenda saa 24. Namba ya matone imechapishwa kwenye pakiti. Isome kabla hujaitupa.

Makosa mengine huanzia kwenye maandishi. Nusu huandikwa 0.5, si .5, maana nukta ikifutika inabaki 5. Na tano huandikwa 5 tu, si 5.0, maana nukta isipoonekana inasomwa 50. Miligramu na maikrogramu zimepishana mara elfu moja.

Kiingereza ndicho kitakachokutaabisha zaidi, tukuambie kweli. Vitabu, mitihani na faili la mgonjwa ni Kiingereza, na mgonjwa ni Kiswahili, tena akiwa wa Makunduchi ni Kikae kitupu. Atakwambia moyo unanenda mbio, kifua kimenibana, nasikia baridi ya ndani, na wewe uyaandike kwa lugha nyingine bila kuongeza wala kupunguza. Anza na vitabu vya Biolojia vya kidato cha kwanza na cha pili, ukurasa mmoja kwa siku, na daftari la maneno: neno, maana kwa Kiswahili, sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Usianze na kitabu kinene cha uuguzi. Utakifunga ukurasa wa tatu na hutakifungua tena.

Kuna upande mtu mzima humshinda kijana wa miaka 19. Aliyelea anajua kilio cha njaa na kilio cha maumivu, na haoni haya kumwuliza bibi wa watu kama amepata choo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina shahada ya ualimu wa sayansi. Je, kuna njia ya mkato?
*Mwalimu, Makunduchi*

Hakuna. Nchi za wenzetu zipo zinazowapa wenye shahada nyingine kozi iliyofupishwa. Kwetu utaanza mwaka wa kwanza. Shahada ya uuguzi ni miaka 4, na huingiliwa kwa matokeo ya kidato cha sita, Kemia na Biolojia zikiwa nguzo. Somo la tatu na alama zake utazikuta kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) huutoa kila mwaka, nao unavihusu vyuo vikuu vya Zanzibar pia. Ukisoma mwongozo wa mwaka jana umesoma wa mwaka jana. Mwalimu, kagua kwanza tahasusi yako kabla ya kumwambia mtu.

La pili ni mwajiri. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, na usisahau kwamba ruhusa hutolewa kwa urahisi zaidi kwa mtu anayejiendeleza kwenye kada yake. Wewe unaihama. Ukikataliwa, chaguo ni likizo bila malipo au kuacha kazi. Kwenda chuo kimya kimya huku mshahara unaingia kunaitwa utoro kazini, na siku utakayoomba ajira ya uuguzi faili lako litafunguliwa ukurasa huo.

Nina watoto wawili na nafanya kazi hoteli Nungwi. Mwanamme kusomea uuguzi na ukunga, si nitafukuzwa wodi ya wazazi?
*Mhudumu wa hoteli*

Hufukuzwi, na huwezi kuikwepa pia. Mtaala unaunganisha uuguzi na ukunga, kwa hiyo wodi ya wazazi utaisoma kama wenzako: kufuatilia uchungu, kusikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, kumchoma mama oksitosini (dawa ya kuzuia damu nyingi) yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kukadiria damu na kujua kwamba ikifika mililita 500 hilo ni jambo la kuita msaada. Unajitambulisha, unaomba idhini, unakuwa na mwenzako wa kike pembeni. Mama akikataa, unasogea na anakuja mwingine, bila kununa. Baada ya kuhitimu, wanaume wengi huelekea chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi, majeruhi, au afya ya akili kama pale Kidongo Chekundu, ambako mtu mwenye kifua na subira anatafutwa.

Kuna kozi ya uuguzi ya miezi sita, ada yake nafuu, na wanasema cheti kinakubalika popote. Nina upatu unakaribia kunifikia, nilipie?
*Mama wawili, Wete*

Usilipie. Miezi sita inaweza kukufundisha kumgeuza mgonjwa kitandani na kupima presha, lakini haikufanyi muuguzi. Anayeruhusu mtu kufanya kazi ya uuguzi huku kwetu ni Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar. Liulize swali moja tu: mhitimu wa kozi hii mnamsajili? Kisha angalia kama chuo kimesajiliwa na NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, vya afya vikiwemo) na kwa kozi hiyo hasa, maana chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi moja kikafundisha tano. Na aliyesoma Tanga au Dar es Salaam ajue kwamba afya si jambo la Muungano. Bara wana baraza lao, na anayetaka kufanya kazi Unguja au Pemba hujisajili huku.

Upatu wenyewe usiuue. Omba zamu yako ihamishiwe mwezi wa kufungua chuo, wenzako wakikubali, kwa sababu ada huwa na tarehe na upatu huwa na foleni, na viwili hivi havipatani vyenyewe. Juu ya ada weka sare, viatu vya kufunika vidole, saa yenye mshale wa sekunde, kuchapisha kazi, chanjo na nauli ya kila siku. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ni ya kuiulizia mapema, hasa kwa anayekwenda shahada. Lakini kwa stashahada tunga bajeti kana kwamba mkopo haupo, ukipatikana iwe heri. Na ukiwaza ajira ya Serikali, tafuta matangazo mawili matatu ya Tume ya Utumishi Serikalini usome kipengele cha umri, kisha ongeza miaka ya kusoma juu ya umri wako wa leo.

Mwanangu ana miezi mitano, ananyonya. Nimepata nafasi chuo na nina hofu mbili: maziwa yake, na mimi kumletea maradhi ya hospitali nyumbani. Pia naambiwa hijabu na hina ni tatizo.
*Mama mchanga, Kiembesamaki*

Mama, tuanze na jepesi. Hijabu iwe fupi, imechomekwa ndani ya sare, inabadilishwa kila siku. Mikono ya nguo ipande hadi kiwiko, kwa sababu kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60 na lazima kufike kifundoni. Kucha fupi, pete za mawe nyumbani. Hina ya viganjani haina ubaya. Piko ndiyo ya kuijua, lakini kwa mgonjwa: bibi harusi aliyepakwa piko nyeusi kwenye kucha akifungwa kile kipimo cha oksijeni kidoleni, mashine inaweza kutoa namba ya chini ya uongo au isitoe kitu. Mhamishie kwenye sikio kabla hujamkimbilia daktari.

Maziwa: anza kukamua wiki mbili kabla ya chuo kufunguliwa, mara moja kwa siku, ili mtoto azoee kikombe na wewe uzoee mkono. Yaliyokamuliwa hukaa nje muda wa saa 4 katika chumba chenye ubaridi, na kwa joto la Kaskazi punguza. Kwenye friji siku 4, nyuma kabisa, si mlangoni. Ukiwa zamu, kamua kila baada ya saa tatu au nne. Ukiacha yajae siku nzima, titi hufura na maziwa hupungua. Mwezi ujao mtoto anaanza chakula, kwa hiyo mzigo utapungua.

Maradhi: chanjo ya homa ya ini aina B ni dozi tatu, ya mwanzo, ya mwezi mmoja baadaye na ya mwezi wa sita. Anza sasa, maana anayeanza siku ya kwanza wodini anafanya nusu mwaka akiwa na kinga pungufu. Ukijichoma sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue wala usinyonye kidonda, toa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na humezwa siku 28. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kusemwa, saa zikapita. Waeleze pia kwamba unanyonyesha. Ukipata mimba nyingine ukiwa masomoni, mwambie msimamizi mapema, akuepushe na chumba cha eksirei na dawa za saratani.

Sare ivuliwe chuoni au mlangoni, iingie mfuko wake, ifuliwe ndoo yake kwa maji ya moto, ianikwe juani na kupigwa pasi. Viatu vya wodini visivuke kizingiti. Oga kwanza, kisha ndio umpokee mtoto. Atalia akikuona unampita kwenda bafuni, kwa hiyo mwambie anayemlea amtoe uwani ukikaribia kufika.